Mgeni na Mwenyeji katika Sanaa

Kazi ya sanaa huweza kufika ng'ambo kwa njia nyingi. Huweza kununuliwa na tajiri, kutekwa na mshindi wa vita, au kupelekwa na serikali itafutayo sifa. Iko njia nyingine, nyenyekevu kuliko hizi: wasanii wa chama kimoja huwaandikia wasanii wa chama kingine, wakapatana kuonyeshana kazi zao pasipo kungoja idhini ya mkubwa. Njia hii ina heshima, lakini haina wepesi. Picha isafiripo huyaacha nyumbani macho yaliyoizoea, ikaenda kutazamwa na macho yaliyozoea mambo mengine.

Taabu na faida ya safari hiyo huonekana vizuri katika habari za chama cha Gutai cha Japani. Mwaka 1954 mchoraji Jiro Yoshihara, aliyekuwa pia mwenye biashara ya mafuta ya kupikia, aliwakusanya vijana wa Ashiya na Osaka akawapa agizo moja kali: wasimwige mtu, bali wafanye lisilopata kufanywa. Vijana walitii. Kazuo Shiraga alichora kwa nyayo za miguu yake. Saburo Murakami alipasua karatasi kwa kuzipenya kwa mwili wake. Atsuko Tanaka alivaa vazi la taa za umeme za rangi. Sadamasa Motonaga alitundika maji ya rangi yakametameta juani.

Chama hicho kilikuwa mbali na miji iliyojihesabu kuwa mama wa sanaa mpya, lakini hakikungoja kuitwa. Mwaka 1955 kilianza kuchapa jarida lake na kulituma kwa posta katika nchi za mbali. Jackson Pollock, mchoraji mashuhuri wa Marekani, alipofariki mwaka 1956, matoleo mawili ya jarida hilo yalikutwa miongoni mwa vitabu vyake. Karatasi ilikuwa imetangulia kubisha hodi kabla ya wenyewe kufika.

Wenyewe walipofika, mlango haukuwa mpana. Mwaka 1958 picha zao zilionyeshwa New York katika nyumba ya sanaa ya Martha Jackson. Wahenga husema kuwa mgeni ni kuku mweupe: kila mtu humwona, lakini si kila mtu humjua. Wahakiki waliona rangi zilizomwagwa kwa nguvu, wakamkumbuka Pollock wao, wakasema wageni wale ni waigaji. Watu walioapa kutomwiga yeyote wakahukumiwa kwa kosa lile lile waliloliapia. Vitendo vilivyozaa picha zile vilikuwa vimebaki Japani. Turubai peke yake haikuweza kuvisimulia. Kosa halikuwa la mhakiki peke yake. Kila atazamaye kigeni hutanguliza kipimo cha kwao, na kipimo cha kwao humwonyesha tu kile anachokijua.

Gutai haikulipa chuki kwa hukumu ile. Ililipa kwa ukarimu. Mwaka 1960 iliwaomba wasanii wa Ulaya na Marekani michoro midogo, ambayo gharama yake ya posta si kubwa. Wanachama waliikuza michoro ile juu ya vitambaa vipana, wakaifunga katika maputo ya kutangazia biashara, na kuipandisha angani juu ya paa la duka kubwa la Takashimaya mjini Osaka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mgeni alileta mchoro wa kiasi cha barua, mwenyeji akaupa mbingu. Hata mpita njia asiyepata kuingia katika nyumba ya sanaa aliinua uso akatazama. Mwaka 1962 chama kikafungua nyumba yake katika maghala ya zamani ya Osaka, na wasanii wa ng'ambo waliopita mji ule wakapata mahali pa kupokewa.

Mwaka 1965 zamu ya kualikwa ilirudi. Wasanii wa kundi la Nul la Uholanzi waliandaa maonyesho katika jumba la makumbusho la Stedelijk, Amsterdam, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, na Gutai ilialikwa. Yoshihara alikwenda na picha za kuchora. Wenyeji hawakuzitaka. Walichokitaka ni kazi za miaka kumi nyuma, zile za maji, nguo, na mchanga, ambazo nyingi hazikuwako tena. Basi zikatengenezwa upya pale pale.

Jambo hilo lina pande mbili, na mwenye haki hawezi kuuficha hata mmoja. Kwa upande mmoja, Waholanzi walikuwa wamezitambua kazi ambazo New York haikuziona. Wasanii walisomwa na wasanii wenzao, na hii ni furaha isiyonunulika. Kwa upande wa pili, mwenyeji alimchagulia mgeni sura ya kuja nayo. Aliyeahidi kufanya jipya daima aliombwa kurudia la zamani. Urafiki wa vyama ulikuwa wa kweli, lakini ufunguo wa jumba ulikuwa mfukoni mwa mmoja.

Yoshihara alifariki mwaka 1972, na chama kikavunjika mwaka ule ule. Vitambaa vilivyopanda angani na karatasi zilizopasuliwa zilikwisha, lakini swali lao linavingoja vyama vyote vinavyoonyeshana kazi: je, aliyealikwa ameulizwa anataka kuonyesha nini? Methali ya Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Haisemi kuwa mgeni aje afanane na mwenyeji, wala aje kama mwenyeji alivyomwota. Mwenyeji hupona kwa lile asilokuwa nalo, na lile asilokuwa nalo ndilo gumu kulitambua linapobisha hodi.