"Sisi" ya Langoni

Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote wa ngeli na nyakati, kina "sisi" moja tu. Msemaji wa Kimalei anazo mbili: akisema kita, anayesemeshwa yumo, akisema kami, anayesemeshwa hayumo. Kwetu hakuna tofauti hiyo. Tukisema "tunakwenda", kiambishi tu- hakimwambii msikilizaji kama naye yumo safarini au anaagwa. Kwa mshairi, hilo ni fumbo zuri la kuchezea. Kwangu mimi, kwa takriban miaka miwili, lilikuwa jambo la kila siku, nje ya lango la shule ya msingi, huko Heru Juu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Mume wangu alipohamishiwa wilaya ya Kasulu kikazi, tulipata nyumba ya kupanga Heru Juu, kwenye vilima vya Buha, ambako asubuhi za Juni mtu hutoka na kanga juu ya sweta. Mwanetu alikuwa darasa la awali. Watoto wakubwa huku huenda shule na kurudi kwa miguu yao wenyewe. Wa awali hufuatwa. Basi kila siku, kabla jua halijafika utosini, akina mama kumi au zaidi, na bibi wawili watatu, walikutana chini ya mkaratusi nje ya lango, wakisubiri. Hapo ndipo "sisi" ilipokuwa na makao yake.

Sikutukanwa, wala sikununiwa. Waliniamkia, "Mwakeye," nami nikaitikia kama nilivyofundishwa. Kisha wakanihamia kwa Kiswahili, maneno mawili matatu ya adabu: habari za nyumbani, mtoto hajambo, baridi unaionaje. Baada ya hapo walirudi katika Kiha chao, kama mwenye nyumba aliyempa mgeni kiti barazani kisha akarejea jikoni kwenye shughuli zake. Kiti nilikuwa nacho. Jikoni nilisikia vicheko.

Wote pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Fulani na Bibi Fulani. Mimi niliitwa Mama Mswahili. Mwanangu ana jina zuri, alilopewa na babu yake, lakini langoni halikutumika kuniita. Nilikuwa mama wa lugha.

Wapenzi wa lugha mtanielewa nikisema kwamba kilichonitaabisha zaidi ni ule ujirani wa lugha zenyewe. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na ni ndugu wa Kiswahili pia katika ukoo mkubwa wa Kibantu. Kiambishi tu- kimo humo, vilevile kama chetu. Nilipokaa pembeni nikisikiliza, mazungumzo yalipita kama maji, lakini tu- niliikamata kila mara: tu- hivi, tu- vile. Kitenzi kilinipotea, mahali palinipotea, siku ilinipotea. Kiambishi peke yake kilinifikia. Nilijua kwamba kuna watu wanaofanya jambo pamoja. Nilichokosa ni kujua ni jambo gani, na kama nimo.

Ajabu ni kwamba ukuta wa shule ulizigawa lugha hizo mbili kana kwamba kuna mtu aliyepima kwa kamba. Ndani ya ua, Kiswahili ndicho cha kufundishia, kama ilivyo katika shule za msingi za umma nchini kote tangu 1967. Nje ya ua, chini ya mkaratusi, Kiha. Mwanangu alivuka mpaka huo kila siku bila kuulizwa kitu. Mwezi wa tatu alikuwa akigombana na wenzake kwa Kiha na kuniombea maji kwa Kiswahili. Mimi nilibaki langoni, mahali ambapo lugha moja ilikuwa haijaanza na nyingine ilikuwa imekwisha.

Wala hawakuwa watu wasiozoea wageni. Wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Watu wa huku wamewaona wageni wengi kuliko sisi wa Pangani. Wala "sisi" yao haikuwa ya juzi. Heru ilikuwa moja ya falme za Buha, na miongoni mwa watawala wake wa mwisho alikuwamo mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kabla machifu hawajaondolewa kisheria mwaka 1963. Akina mama wale hawakukaa chini ya mti ili wanikatae. Walikaa kwao. Kuna kutengwa kunakotokana na chuki, na kuna kutengwa kunakotokana na watu kutoshekana wao kwa wao. Huku kwa pili hakuna wa kulaumiwa, na maumivu hayapungui kwa sababu hiyo.

Siku moja mama mmoja mchangamfu alitaka kunisogeza karibu. Akawaambia wenzake, kwa Kiswahili ili nisikie, "Wenzetu wa pwani ugali wa muhogo hawauwezi." Wakacheka, nami nikacheka. Njiani kurudi nililitafuna lile neno, "wenzetu". Tazameni linavyofanya kazi. Ndani yake mna "sisi" na mna udugu, lakini hutumika hasa tunapowataja wasio sisi: wenzetu wa Ulaya, wenzetu wa dini ile, wenzetu wenye magari. Ni neno la heshima linalomshika mtu mkono na kumweka ng'ambo ya mto.

Kisha ukaja msiba. Jumatatu moja nilifika langoni nikakuta mkaratusi mtupu. Nilimchukua mwanangu, naye akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba bibi yake rafiki yake amefariki tangu Jumamosi, na mama zao wote wamekwenda. Wote. Mtoto wa miaka mitano ndiye aliyenipa taarifa ya msiba.

Kuachwa katika sherehe kunauma, lakini mtu hujifariji kwamba hana njaa ya pilau. Kuachwa katika msiba ni jambo jingine. Msiba hauna kadi ya mwaliko. Watu hupelekeana habari kwa sababu wanadaiana kufika. Asiyeambiwa ni asiyedaiwa, na asiyedaiwa hana mahali.

Nilikwenda kesho yake na rambirambi yangu. Walinipokea vizuri mno, na uzuri ule ndio ulioniumiza. Nililetewa kiti, wakati wao walikuwa wamekaa mkekani. Niliandaliwa chakula mapema, katika sahani ya udongo yenye maua. Nyuma ya nyumba niliwaona akina mama wa langoni, vitenge vimefungwa viunoni, wakimenya ndizi, wakiosha masufuria, wakifokeana juu ya kuni mbichi. Nilikula polepole. Usiku ule niliandika ubeti huu:

Nimesimama langoni, wenzangu wanasemana,
"Sisi" hiyo ina nani, na nani asiye jina?
Je, niko nje au ndani? Mpaka sijauona;
"Twende" si neno la kwenda, ni neno la kuitana.

Mwishilio wa ubeti ndio ulionipa kazi ya kufikiri. Nilisema Kiswahili hakitenganishi "sisi" yenye msikilizaji na isiyo naye. Ni kweli katika "tunakwenda" na "tulikwenda". Lakini ukisema "twende" kumwambia mtu, yumo. Huwezi kumwambia "twende" kisha ukamwacha. Wakiwa wengi, tunaongeza -ni: "twendeni", na kila mwenye masikio yumo. Basi lugha yetu imeiweka ile "sisi" inayojumuisha, ila haikuiweka katika kutoa habari. Imeiweka katika kuita.

Mwaka uliofuata wazazi tulitakiwa kusomba maji na mchanga kwa ajili ya ujenzi wa choo cha shule. Nilikuwa nimesimama na wengine nikisubiri kuambiwa. Bibi mmoja, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, alinyoosha kidevu kuelekea ndoo iliyokuwa chini, akasema neno moja: "Tugende." Safari hii kitenzi hakikunipotea. Nilijitwika ndoo. Hakunishukuru, wala hakugeuka kuangalia kama nafuata. Tulikwenda mtoni mara nne, na shingo iliniuma kwa siku mbili.

Sitawadanganyeni kwamba tangu siku hiyo mambo yote yalinyooka. Vicheko vingi vya chini ya mkaratusi bado vinanipita, kwa sababu mzaha ndicho chumba cha mwisho katika nyumba ya lugha, na mimi bado niko ukumbini. Jina la Mama Mswahili lingalipo. Lakini miezi michache baadaye kulitokea msiba mwingine, upande wa pili wa kilima, na kabla giza halijaingia msichana mdogo alibisha hodi kwangu akihema. Alikuwa ametumwa. Alisema, kwa Kiswahili chake cha darasa la tatu, "Shikamoo. Bibi amesema kuna msiba. Amesema uje na kisu."

Nimesoma tungo nyingi za makaribisho, zenye mawaridi, udi na marashi. Hakuna hata moja iliyonifanya nitafute viatu vyangu kwa haraka kama ile. Mgeni haambiwi aje na kisu. Anayeambiwa hivyo ana ndizi zake za kumenya, zinamngoja.

Nilikichukua kile chenye mpini wa mti, kinachokata vizuri.