Begi la Mazoezi

Nilizaliwa kambini Kakuma, kwa wazazi waliokimbia vita Kivu Kusini, na nilifika Melbourne nikiwa na miaka tisa. Mpira niliouacha ulikuwa wa makaratasi na kamba. Huku nikakuta mpira wa Australia, wenye umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, na milingoti minne isiyo na nyavu. Ukipitisha kati ya ile mirefu miwili unapata pointi 6. Ukienda pembeni kidogo, 1. Mama aliijua hesabu hiyo kabla hajajua majina ya mitaa.

Ukutani nilibandika picha ya mchezaji Aliir Aliir. Naye alizaliwa Kakuma, mwaka 1994; akapitia klabu ya Sydney, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akaingia kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Basi klabu moja ya ligi kuu iliponichukua kama mwanagenzi, kwa mkataba wa mwaka mmoja, Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Mwezi wa tano niliruka kudaka. Katika mchezo huu mpira ukipigwa mita 15 au zaidi, nawe ukaudaka angani, mwamuzi anapuliza filimbi na hakuna wa kukugusa. Wengine hupanda mabegani mwa wenzao kuufuata. Hilo ndilo nililoliweza kuliko yote. Niliudaka. Nikashuka kwa mguu mmoja, goti likapinda kwa ndani, nikasikia mlio wa ukuni mkavu.

Ligamenti ilikuwa imekatika. Madaktari walichukua kano ya nyuma ya paja langu wakatengeneza nyingine. Kupona, mwaka mzima. Na mkataba wangu ulikuwa wa mwaka. Kitandani nilijipa moyo kwamba hata Aliir aliumia goti mwaka 2016, akaikosa fainali, na akarudi. Lakini mwezi wa kumi niliitwa ofisini, na mazungumzo hayakufika dakika kumi.

Sikumwambia Mama. Hili hata kanisani sijawahi kulisema. Alikuwa akifanya zamu za usiku kwenye makazi ya wazee, anarudi saa moja asubuhi, na furaha yake ilikuwa kuniona ninatoka. Kwa wiki tano nilibeba begi la mazoezi, nikapanda treni mpaka mwisho wa reli, nikakaa kwenye benchi hadi jioni. Shangazi aliyebaki Kakuma nilimtumia pesa kutoka kwenye akiba iliyokuwa ikiisha. Usingizi ulinihama. Asubuhi moja nilisimama ukingoni mwa reli, karibu kuliko inavyofaa, na mzee mmoja akanivuta mkono bila kusema neno.

Mama alifungua begi Jumapili ili afue. Nguo zilikuwa safi, zimekunjwa vilevile alivyozikunja mwenyewe. Hakupaza sauti. Alikaa sakafuni, akaniuliza, "Mwanangu, mchana ulikuwa unakula wapi?"

Nililia kama mtoto mdogo. Nikamweleza yote, hata la relini. Kesho yake hakulala baada ya zamu; alinishika mkono tukaenda kwa daktari, na akaketi nami kila wiki mpaka nilipoweza kwenda peke yangu.

Goti lilirudi polepole. Nilianza kwa kuruka kutoka kwenye ngazi moja ya mlangoni, Mama akihesabu huku anapika. Baada ya miezi, ngazi mbili. Mwaka uliofuata klabu ndogo ya mtaani kwetu ikanipokea.

Katika mechi ya kwanza mpira ulikuja juu, nikaruka, nikaudaka, nikashuka kwa miguu yote miwili. Nilibaki nimesimama, ninalisikiliza goti. Kimya. Nyuma ya uzio Mama, bado amevaa sare ya kazini, alikuwa anapiga kelele, "Sita! Sita!" na mimi sijapiga bado. Nikapiga, ukaenda pembeni, pointi 1. Aliendelea kushangilia.