Mabishano juu ya Eddy Gordo

Msomaji, ukimwuliza mkimbiaji wa Keringet ni nani aliyeshinda mbio, hatakujibu kwa hoja. Atakuonyesha mstari na kifua kilichoufikia kwanza. Faith Kipyegon, aliyekulia pande hizi zetu za nyanda za Mau, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, wala sijamsikia mtu wa kwetu akiuliza kama ushindi huo ulikuwa ushindi. Lakini uko mchezo mwingine ambao vijana wetu waliucheza wameketi, na katika mchezo huo kushinda kulikuwa mwanzo wa shauri, si mwisho wake. Mchezo wenyewe ni Tekken 3. Nataka nikusimulie mabishano yake, maana nimeyasikia kwa miaka mingi na bado sijachoka nayo.

Yafaa kwanza uujue mchezo. Neno Tekken, katika Kijapani, maana yake ni ngumi ya chuma. Ulitungwa na kampuni ya Namco ya Japani. Toleo la tatu lilitoka mwaka 1997 katika mashine kubwa zinazochezwa kwa kutumbukiza sarafu, na mwaka 1998 likatiwa katika sahani ya PlayStation, chombo cha kampuni ya Sony kinachofungwa kwenye televisheni. Nakala zaidi ya milioni 8 ziliuzwa duniani, na katika hesabu hiyo hazimo zile za magendo, ambazo kwetu ndizo zilizokuwa nyingi. Wapiganaji wawili husimama uso kwa uso, na juu ya kioo kila mmoja ana mstari wa uhai wake. Amalizaye uhai wa mwenzake ndiye mshindi wa raundi. Pedi ya mkononi ina vitufe vinne vya kupigia, na kila kitufe ni kiungo kimoja cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Sijui mchezo mwingine wa namna hii uliopangwa kwa akili nyepesi kueleweka kama hiyo.

Mapigo nayo ni ya aina tatu. Yako ya juu, ambayo mtu akichutama humpita kichwani. Yako ya kati, ambayo humpata aliyechutama. Na yako ya chini, ambayo humpata yule aliyejikinga akiwa amesimama. Kwa hiyo kujikinga si kurudi nyuma tu, bali ni kukisia mwenzako anakusudia nini. Jambo hili la juu na chini uliweke moyoni, msomaji, kwa sababu ugomvi wote nitakaousimulia unakaa humo.

Keringet iko katika njia itokayo Molo kwenda Olenguruone. Ni mahali pa baridi, pa viazi, pa chai na maziwa. Ukungu ukishuka alasiri humwoni jirani yako kabla hujamsikia akikohoa. Kati ya mwaka 2004 na mwaka 2007 palikuwa na chumba kimoja cha mbao penye maduka, chenye televisheni mbili na mabenchi mawili marefu. Chumba hicho kilikuwa na joto, nalo lilitokana na wingi wa watu. Mchezo mmoja ulikuwa shilingi 10. Aliyeshindwa aliondoka kitini. Aliyeshinda alibaki bure, akimngoja mlipaji mwingine. Tafadhali usiipite kanuni hiyo kwa haraka. Maana yake ni kuwa mjuzi alijifunza kwa fedha za wasiojua, na asiyejua alilipa ili aondoke. Kijana aliyekuwa na shilingi 100 aliweza kushindwa mara kumi katika siku moja na kuondoka amejua kitu. Mwenye shilingi 10 alishindwa mara moja, kisha akasimama ukutani kutazama.

Katika mabenchi yale waliketi Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na Waogiek, na kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao. Mabishano yalifanywa kwa Kiswahili, kwa kuwa hapana mtu apendaye kushinda hoja ambayo mpinzani wake hakuielewa. Nasadiki kuwa Kiswahili changu mwenyewe kilinolewa zaidi pale kuliko darasani, ijapokuwa mwalimu wangu hangefurahi kusikia hivyo.

Kila mpiganaji alikuwa na watetezi wake. Waliompenda Paul Phoenix walikuwa watu wa maneno machache. Walisema ngumi yake moja ya mkono wa kulia, ikimpata mtu vema, huondoa uhai mwingi kiasi kwamba hapana haja ya kujua kitu kingine. Wa King, yule mwenye kichwa cha chui, walijiona wanazuoni. Mieleka yake hufungana kama mnyororo, na kila kabari yataka vitufe vyake kwa utaratibu wake. Nilimwona kijana mmoja akizisoma hatua hizo katika daftari la hesabu. Wa Hwoarang, Mkorea wa taekwondo, walitukuza miguu. Yoshimitsu alipendwa na wenye mzaha, kwa kuwa aweza kujichoma upanga wake mwenyewe tumboni, na wako waliolipa shilingi 10 ili kuona hilo tu. Nami nilimheshimu mchezaji wa Mokujin kuliko wote. Mokujin ni sanamu la gogo, nalo halina mtindo wake. Kila raundi huazima mtindo wa mpiganaji mwingine. Amchaguaye hana budi kuwajua wote.

Lakini hao wote walikuwa kama mvua ya rasharasha. Dhoruba ilikuwa Eddy Gordo.

Eddy ni Mbrazili, na kwa mara ya kwanza alitokea katika toleo hili la tatu. Hupigana kwa capoeira: huyumba, hupinduka, husimama kwa mikono, na miguu yake huja kutoka mahali ambapo hukutazamia mguu. Tena, na hapa ndipo penye kisa, mtu asiyejua lolote akifinya vile vitufe viwili vya miguu, kimoja baada ya kingine, bila mpango, Eddy hutoa mfululizo wa mateke, mengine ya juu na mengine ya chini, yakibadilikana upesi. Mwenye kujikinga amesimama hupigwa miguuni. Akichutama, teke jingine humkuta hapo alipo. Basi mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza aliweza kumwangusha bingwa wa mwezi mzima mbele ya watu.

Palikuwa na mvulana aliyeleta maziwa ya kwao penye maduka kila asubuhi, naye alikuwa na shilingi 10 mara moja kwa juma. Alimchagua Eddy. Jumamosi moja alikaa kitini tangu saa nne hadi umeme ulipokatika saa nane, na watu kumi na mmoja walilipa na kuondoka. Nakumbuka uso wake: hakucheka, hakujisifu, alitazama kioo kama mtu abebaye yai. Wakubwa walikasirika. Mmoja alisema, «Huyu hachezi, anatwanga.» Mwingine alimwambia mwenye chumba, «Mzee, hawa watakufukuzia wateja wako wa kweli.» Mzee yule alikuwa mfanyabiashara, na neno la wateja lilimwingia. Jumatatu yake karatasi ilibandikwa ukutani: EDDY HACHEZWI HAPA.

Hapo ndipo hoja zilipochemka, nami nitakupa zilizokuwa na uzito, nikiacha za matusi. Waliotetea karatasi walisema kuwa mchezo ni shindano la ujuzi, na silaha impayo ushindi mtu asiye na ujuzi huharibu shindano. Walisema tena kuwa mtu akishinda bila kujua alivyoshinda hajifunzi kitu, wala aliyeshindwa hajifunzi. Hoja ya kwanza si ya kudharauliwa. Wako wachezaji katika nchi nyingi waliosema maneno hayo hayo juu ya Eddy, na nyumba nyingi ambamo ndugu walikatazana kumchagua. Hivyo Keringet haikuwa peke yake katika hasira yake.

Waliopinga walijibu kuwa waliotunga mchezo ndio waliomtia Eddy ndani yake, na mwenye chumba hakununua haki ya kumtoa. Hoja hiyo haikunivuta sana. Mwenye nyumba aweza kuweka sheria ya nyumba yake, na kila mchezo wa mitaani una sheria zisizoandikwa katika kitabu. Iliyonivuta ilitolewa na kijana wa ukutani, mmoja wa watazamaji, kwa sauti ndogo: «Ujuzi wenu mliununua. Huyu hana pa kuununulia.»

Maoni yangu yalikuwa upande wake, na yako huko hata leo. Wakubwa wale walikuwa na dawa ya Eddy mikononi mwao. Mateke yake mengi, yakizuiwa, humwacha wazi. Mwenye subira akijifunza lipi huja juu na lipi huja chini, humngoja, humzuia, kisha humwadhibu. Dawa hiyo yataka kushindwa mara nyingi kwanza, mbele ya watu, na mtoto wa maziwa. Wao waliona karatasi ni nafuu. Basi kwa miezi mingi mabingwa wetu hawakujifunza kuchutama kwa wakati, kwa kuwa aliyewalazimu kuchutama alikuwa amefukuzwa. Ndipo alipokuja mgeni kutoka Molo, kijana mpole mwenye koti refu, akaomba Eddy kwa kuwa hakuisoma karatasi, na mwenye chumba akaona haya kumkatalia mgeni. Mgeni huyu hakufinya ovyo. Alimjua Eddy teke kwa teke. Alipungukiwa na shabaha mara chache tu, na kila mara alijua kwa nini. Aliwashinda wote waliokuwapo, akatuaga kwa adabu, akapanda gari la kurudi kwao. Karatasi ilibaki ukutani, lakini hapana aliyeisoma tena kwa sauti.

Naona yafaa nikuambie pia capoeira ni kitu gani, kwa sababu sisi tuliokuwa tukibishana hatukupata kulijua jambo hilo mapema. Ilizaliwa Brazili miongoni mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao kutoka pande za Angola na Kongo, na wazao wao. Ni mapigano, ni ngoma, ni mchezo. Wachezaji wawili huingia katikati ya duara la watu wanaoimba na kupiga ala. Utumwa ulifutwa Brazili mwaka 1888, na mwaka 1890 sheria ya nchi hiyo ikaifanya capoeira kuwa kosa la jinai. Katika miaka ya 1930 ilianza kufundishwa hadharani, na fundi mmoja wa Salvador, Mestre Bimba, alikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika duara la capoeira katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mienendo ya Eddy ilichukuliwa kutoka katika mwili wa mwalimu halisi wa capoeira. Hivyo ujuzi uliotoka Afrika katika merikebu za watumwa ulirudi ndani ya sahani ya Kijapani mpaka nyanda za Mau, na huku nako ukapigwa marufuku kwa karatasi.

Chumba kile hakikufungwa kwa sababu ya Eddy. Miezi ya mwisho ya mwaka 2007 na ile ya mwanzo wa mwaka 2008 sehemu za Kuresoi na Molo ziliingia katika machafuko. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Wenzetu wa benchi walikuwa miongoni mwa waliohama. Mmoja wa watu wa King aliondoka na daftari lake la hesabu. Mwenye chumba aliuza televisheni zake, na mlango ukapigwa misumari. Sikuzisikia hoja za Tekken kwa muda mrefu baada ya hapo, na ule ukimya haukuwa wa amani.

Dunia iliendelea kucheza. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji wamjua kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na kikosi cha ng'ambo kiitwacho UYU kucheza toleo la saba. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Pakistani, aliyekuzwa na vyumba vya mashine vya Lahore, alishinda mashindano makuu ya Evo nchini Japani na kisha Marekani; wakubwa wa mchezo huo walikuwa hawaihesabu nchi yake. Nilipozisoma habari zake nilimkumbuka mvulana wa maziwa. Siku hizi ana ng'ombe wake mwenyewe, na nimwulizapo juu ya ile Jumamosi husema kuwa umeme ndio uliomshinda.

Toleo la nane lilitoka mwezi wa Januari mwaka 2024, na Eddy hakuwamo. Aliongezwa miezi michache baadaye, kwa malipo ya ziada. Juma lile lile nilipata ujumbe kutoka kwa yule mwenye daftari, ambaye sasa akaa Nakuru mjini na ana watoto wawili. Hakuanza kwa salamu. Aliandika kwamba mwanawe mdogo amemchagua Eddy, amemshinda mara sita mfululizo, na kwamba yeye anatafuta karatasi na gundi. Nilimjibu kuwa achutame.