Kukimbia na Umpendaye: Kasri Tunalo, Bahari Tunayo, Magogoni Inawasubiri

Ukifungua jarida lolote la Ulaya, kwenye kurasa za afya, picha ni ile ile. Kaka na dada wamependeza ndani ya traksuti, wanakimbia kando ya ziwa, nyuma yao kuna kasri la mfalme fulani aliyekufa zamani. Unaangalia, unashusha pumzi, unageuza ukurasa. Wewe unakaa Tabata, kazi yako iko Posta, na mbio pekee unazozifahamu ni za kugombea siti ya daladala.

Hebu subiri kidogo, msomaji wangu. Katikati ya jiji letu hili kuna njia ambayo ndani ya kilomita tano hivi inakupitisha kwenye boma la sultani, makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani, soko la samaki, Ikulu yenyewe, hospitali yenye umri wa zaidi ya karne moja na bustani ya miti ya kale. Ziwa kweli hatuna. Lakini simama Kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, uitazame ile bandari ilivyolala bila hata kiwimbi, uniambie kama hilo si ziwa. Hata jina la mji limetokana na utulivu huo.

Siku ni Jumapili. Hili sibishani na mtu. Siku za kazi pale ni honi, moshi na watu wanaowahi ofisini, na hakuna mapenzi yanayonawiri katikati ya foleni. Jumapili alfajiri mji ni wenu wawili, pamoja na wafagiaji wa barabara, walinzi wanaosinzia na kunguru.

Anzieni Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, mkabala na boti za Zanzibar. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mwaka 1866 na 1867 kwa mawe ya matumbawe, liwe nyumba ya kufikia wageni wake. Alikuwa na ndoto ya kuugeuza mji huu mdogo wa pwani, jirani na kijiji cha Mzizima, kuwa bandari kubwa. Mwaka 1870 akafariki, mdogo wake Barghash hakuwa na hamu na mradi huo, na mji ukabaki umelala mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Nyosheni misuli mbele ya milango yake ya kuchonga. Dakika tano zinatosha.

Hatua chache mbele, mkono wa kushoto, kuna Atiman House, jumba jingine la enzi hizo hizo za Majid. Wengi wetu tunalipita kila siku bila kujua Atiman alikuwa nani. Adrien Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, na kuanzia mwaka 1889 akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya sitini kijiji kimoja! Sisi mkataba wa miaka miwili tu tunaulalamikia.

Kisha Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na mbele kidogo Azania Front ya Walutheri yenye mnara wake na paa jekundu, ambayo ujenzi wake ulianza 1898. Mkipita wakati misa ya kwanza inaanza mtasikia kwaya hadi barabarani. Punguzeni mwendo kidogo, ni bure.

Kutoka hapo mnaifuata Kivukoni, bahari mkono wa kulia. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mlango wa bandari ni mwembamba kiasi kwamba meli ya makontena ikiingia unaiona kama ghorofa linalotembea barabarani. Ng'ambo ni Kigamboni, na pantoni inavuka kama kawaida yake, imejaa watu, baiskeli na ndoo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016 kule Kurasini, lakini pantoni haijakosa abiria. Mkifika Feri, sokoni, mtasikia mnada wa samaki kabla hamjauona. Harufu ipo, sikudanganyi. Zibeni pua, songeni mbele, maana kona inayofuata ndiyo iliyotuleta.

Hapo ni Magogoni. Kwa Mtanzania neno hilo halimaanishi mtaa tu. Magazeti yakiandika kuhusu “safari ya Magogoni” kila mtu anajua nani anataka kuingia wapi. Hata baada ya Ikulu mpya ya Chamwino kuzinduliwa Dodoma Mei 2023, jumba hili jeupe la pwani bado lina uzito wake. Wajerumani ndio waliojenga hapa nyumba ya gavana wao. Mwaka 1914 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga, na Waingereza hao hao walipokuja kuwa watawala wakaijenga upya, mwaka 1922, kwa mtindo wenye matao ya kiarabu. Yaani walibomoa wenyewe, wakajenga wenyewe.

Sasa hapa sikiliza vizuri, hasa wewe usiyeweza kula chipsi bila kuzipiga picha. Simu ibaki mfukoni. Ikulu haipigwi picha, hakuna selfi, hakuna kusimama kushangaa. Askari akiwaambia piteni upande wa pili, mnapita upande wa pili, mnamsalimia na kuendelea. Mkiwa na bahati mtasikia tausi wakilia ndani ya uzio, na hiyo ndiyo zawadi yenu ya siku.

Barabara ya pwani kuanzia hapo siku hizi inaitwa Barack Obama, tangu Rais huyo wa Marekani alipotutembelea mwaka 2013. Wakongwe bado tunaiita Ocean Road. Upepo wa bahari unawapiga usoni, jua linachomoza, na hapa ndipo wengi wanaanza kuongeza kasi.

Nami hapa hapa ninakuomba upunguze. Jengo lile la kale ni Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Daktari maarufu Robert Koch alifanya utafiti wa malaria katika mji huu miaka hiyo. Leo ni Taasisi ya Saratani. Asubuhi asubuhi utawaona ndugu wa wagonjwa wakisubiri, mama ameshika chupa ya uji, kaka ameegemea ukuta na bahasha ya vipimo mkononi. Wengine wametoka mikoani. Muziki unaotoka kwenye simu yako uzime. Salimia. Kuna dada mmoja ninayemfahamu alikuwa akipita hapo na mumewe kila Jumapili wakicheka kwa sauti, mpaka mwaka ambao mama mkwe wake alilazwa humo ndani. Wanakimbia bado, njia ile ile, ila wakifika hapo wanatembea. Hawakuwahi kuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza.

Tuzungumze na jambo ambalo wanaume wengi hawalijui. Mwanamke anayekimbia peke yake mjini hakimbii tu. Anahesabu. Kijiwe kile kina vijana wangapi, bodaboda ile inapunguza mwendo kwa nini, “mrembo unakimbilia wapi” ya leo ni ya ngapi. Ofisini kwetu tuna wadada watatu waliopenda jogingi wakaacha, na hakuna hata mmoja aliyeacha kwa sababu ya uvivu. Kwa hiyo kaka yangu, ukimwambia mchumba wako “twende wote”, usidhani unamfanyia hisani ya kumtoa kitambi. Unamrudishia barabara.

Ila ukishamtoa, kaa naye! Kuna tabia ya hawa mabwana kumwacha mwenzake mita mia mbili nyuma, halafu wanamsubiri wakiangalia saa. Kama unataka kushindana, wapo wenzako. Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa kupishana kidogo mno kiasi kwamba wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Mfuate huyo. Ukiwa na mpenzi wako, mwendo ni wa yule wa polepole, na kipimo ni rahisi: kama mmoja wenu hawezi kuongea sentensi nzima bila kuhema, mnakwenda mbio mno. Na maongezi ndiyo mliyoyafuata. Wiki nzima mnaonana usiku, mmoja ana usingizi, mwingine ana simu. Kuna mambo ya mahari, ya kodi ya nyumba, ya ndugu wanaokuja kukaa bila kuaga, ambayo ni rahisi kuyasema mkitazama mbele kuliko mkitazamana.

Wenye pumzi waendelee na ufukwe hadi Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa mwaka 2022, lenye njia ya waenda kwa miguu na mandhari ya bahari pande zote. Wengine tugeuze, tuingie ndani kuelekea Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Imebaki kipande tu cha ukubwa wake wa zamani, lakini kivuli bado ni kivuli. Jirani ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Alfajiri hamtaingia. Rudini siku nyingine, mkiwa mmeoga.

Samora yote ni tambarare mpaka kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Angalieni majengo mnayoyapita. Kila mwaka ghorofa la vioo linaota mahali palipokuwa na nyumba ya veranda na mbao za kuchonga, na hakuna anayetuuliza. Mkimbiaji huliona pengo mapema kuliko mwenye gari, kwa sababu alizoea kupumzika kwenye kivuli chake.

Kutoka Askari mnaweza kurudi Boma na kumaliza. Mimi ninawashauri muongeze Mnazi Mmoja, mvuke, muingie Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, wale wale wanaokumbukwa na sanamu mliyoiacha nyuma. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, kisha likaanza kukarabatiwa. Lakini Kariakoo yenyewe haikuwahi kulala. Jumapili asubuhi machinga ndio wanapanga meza, barabara inapitika, na mtu akiwaona na jasho lenu atauliza mnamkimbia nani.

Hapo tafuteni supu na chapati. Beba noti ndogo ndogo, si kadi ya benki. Kwa wasiotaka supu asubuhi kuna chai ya tangawizi, na kama mmoja wenu ni Simba na mwingine ni Yanga, malizeni ubishi kabla ya kuagiza, maana mezani pale kila mtu ataingilia.