Shahidi wa Maabara

Usione vyaelea, vimeundwa: ndivyo wasemavyo wahenga wa pwani. Msemo huu wahusu vyombo vya baharini, lakini nyumba nazo zaingia katika hukumu yake. Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, huistaajabia milango ya nakshi na roshani zilizotokeza juu ya njia. Mimi hupenda kutazama mahali ambapo lipu imebambuka, ukuta ukaonyesha kilicho ndani: mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na chokaa iliyoyashika mawe. Mawe ndiyo mengi, lakini bila ya chokaa ni rundo, si ukuta.

Mwili wetu una mfano huo. Umejengwa kwa seli, na baina ya seli mna kiunzi kisicho seli, kilichofumwa kwa protini mbalimbali. Iliyo nyingi kuliko zote ni kolajeni. Nyuzi zake tatu zimesokotwa pamoja kama kamba ya jahazi, na kwa kamba hiyo ngozi, mifupa na mishipa hupata nguvu. Ili isokotwe imara, mwili huhitaji vitamini C, ambayo imo katika matunda. Ikikosekana muda mrefu, fizi huvimba na kutoka damu, na hata vidonda vilivyopona zamani hufumuka. Ugonjwa huo ni kiseyeye.

Mombasa ilipata kuuona. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya kisiwa, na ndani yake mlikuwa na wagonjwa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa na malimau, na daftari ya safari ile yasema kuwa wagonjwa walipata afya hapa. Mwandishi wake aliisifu hewa ya mji. Leo twajua kuwa matunda yalistahili sifa zaidi kuliko hewa.

Lakini kolajeni yajulikanaje ilipo? Aina 28 zimetambuliwa katika mwili wa binadamu, nazo hufanana kama ndugu. Hapa wataalamu humwita shahidi aitwaye kingamwili. Hii ni protini itengenezwayo na mwili ili kukishika kitu kigeni kimoja, kama ufunguo ulivyo na kitasa chake. Sungura akidungwa kolajeni ya binadamu, mwili wake huiona ngeni, ukatoa kingamwili za kuishika. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walivumbua njia ya kupata kingamwili za namna moja tu kutoka katika seli za panya. Kingamwili hufungwa rangi ing'aayo, ikamiminwa juu ya kipande chembamba cha nyama ya mwili, na palipo na kolajeni pakang'aa chini ya hadubini. Kwa njia hii daktari aweza kutazama kama seli za kansa zimekwisha toboa utando wenye kolajeni unaozizuia zisienee.

Basi neno la shahidi huyu ni zito. Je, husema kweli daima? La. Baadhi ya kingamwili zinazouzwa kwa utafiti hushika ndugu badala ya mwenyewe. Mwaka 2015 wataalamu zaidi ya 100 walitoa mwito wa pamoja katika jarida la Nature, wakalalamika kuwa fedha na kazi nyingi hupotea kwa kingamwili zisizoaminika. Jaribio la kumpima shahidi si gumu kuelezwa. Huonyeshwa kwanza kipande ambacho kwa yakini hakina protini inayotafutwa. Aking'aa hapo, ushahidi wake umeanguka.

Adabu hii si ngeni kwetu. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo kadhi wa Mombasa huitumia kuamua mambo ya ndoa na mirathi, uadilifu wa shahidi huchunguzwa kabla ya neno lake kupokewa. Twazoea kumwogopa mwongo mwenye nia mbaya. Kingamwili haina nia yoyote, lakini kosa lake laweza kumpoteza daktari na kumdhuru mgonjwa sawasawa na uongo. Kwa hivi kijana atakayeingia maabara asitosheke na jibu kwa sababu ndilo alilolitumaini. Jibu la namna hiyo ndilo limpasalo kulijaribu mara ya pili.