Mtoto akilazwa wodi ya lishe, nyumba nzima imelazwa

Basi la kusini likishavuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, safari ya kuelekea Kilwa huwa ya minazi, mikorosho na vibanda vya wauza korosho. Nangurukuru ndipo barabara ya Kilwa Masoko inapochepuka kwenda baharini. Wageni wengi hushuka hapo wakielekea Kilwa Kisiwani, kuona magofu ya mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331.

Mimi sikwenda magofuni. Nilikwenda kukaa siku tatu katika wodi ya lishe ya hospitali moja ya ukanda huu wa pwani ya Lindi. Jina lake silitaji, kwa sababu akina mama walinikaribisha kwa sharti hilo.

Wodi ni chumba kimoja kirefu chenye vitanda vinane. Kila kitanda kina chandarua, na kila kitanda kinalaliwa na wawili: mtoto na anayemuuguza. Chini ya kitanda kuna ndoo, beseni, chupa ya chai na mkeka. Nje kuna bomba la maji, vyoo, kamba za kuanikia kanga na jiko la kuni ambako wauguzaji hupika kwa zamu. Kwenye kona moja ya wodi kuna mkeka wa michezo: vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye uzi, na kopo lenye kokoto ndani. Si mapambo. Mtoto aliyedhoofu husahau hata kucheza, na kumchezesha ni sehemu ya tiba yake.

Humu watu hawaitani majina. Kuna mama wa kitanda cha pili, bibi wa kitanda cha sita, na mama wa kitanda cha nne, ambaye ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Siku huanza saa 12 asubuhi kwa mizani. Mtoto huvuliwa nguo na kupimwa uzito. Mkono wake wa juu huzungushiwa utepe wa rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, na kuanzia 12.5 ni kijani. Kisha muuguzi hubonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde chache. Vishimo vikibaki, mtoto amevimba, hata kama jirani anamsifu kwa unene.

Halafu yanakuja maziwa maalumu yaitwayo F-75. Nilidhani mtoto mwenye njaa angeshibishwa haraka. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alinisahihisha: mwili uliochoka haubebi mzigo mkubwa ghafla, na kumjaza mtoto kunaweza kumuua. Kwa hiyo siku za mwanzo hupewa kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu, kwa kikombe wala si kwa chupa. Saa tisa usiku nayo imo katika ratiba. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, ndipo huhamishiwa maziwa yenye nguvu zaidi, F-100, au chakula dawa cha karanga cha kwenye pakiti.

Jioni ya kwanza nilikaa mkekani na akina mama. Nilitegemea wangezungumzia maziwa. Walizungumzia aibu.

"Kwetu wanasema nimembemenda mtoto," alisema mama wa kitanda cha nne, sauti chini.

Wengi wetu tunalijua neno hilo. Ni imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika. Mwanawe ana mwaka na miezi mitatu. Alipoanza kuvimba miguu, mkwe wake aliuliza nani kakosea, na mumewe akanyamaza. Wiki tatu zikapita kwa dawa za mitishamba, kwa sababu kumpeleka hospitali kungekuwa kama kukiri kosa mbele ya kijiji.

Muuguzi alilisikia, akavuta kiti. Hakumcheka mtu. Alisema maziwa ya mama hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Kinachoweza kumwumiza mtoto ni mimba nyingine kuja mapema, mama akamwachisha ziwa kabla ya wakati, na chakula cha kufidia kisiwepo. Mtoto anyonye tu bila kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila hadi miaka miwili au zaidi. Wazazi wapange uzazi. Basi.

Asubuhi ya pili mama wa kitanda cha nne alikuwa amekwisha kufunga ndoo yake. Watoto wawili wengine walikuwa nyumbani na bibi yao, mume yuko shambani kwa kuwa ni msimu wa ufuta, na nauli ilikuwa inaishia kwenye chakula chake mwenyewe. Sera yetu ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo. Lakini hakuna sera inayomlipia mama sahani ya ugali, wala inayomlisha aliyebaki nyumbani.

Mtoto wake bado alikuwa kwenye nyekundu. Kuondoka siku ile kungekuwa kumrudisha alikotoka. Muuguzi hakumfokea. Aliomba namba ya simu ya mume, akatoka nje, akapiga.

Kesho yake saa nne baba alifika, suruali ina vumbi la shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilisubiri asomewe mashtaka. Badala yake alinawishwa mikono, akakabidhiwa kikombe, akaonyeshwa namna ya kumnywesha mwanawe bila haraka. Mililita chache zilimchukua karibu nusu saa. Alipomaliza, muuguzi alimwuliza gunia la ufuta linakwenda wapi. Mnadani, alijibu. Lote? Lote.

"Mwachie huyu kibakuli," muuguzi alisema.

Mafunzo ya jikoni siku hiyo yalihusu hicho kibakuli. Uji mtupu wa muhogo hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Ongeza ufuta au karanga zilizosagwa, dagaa waliotwangwa, tui la nazi, yai likipatikana. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili hadi tatu kwa siku; kuanzia miezi 9, mara tatu hadi nne, na matunda katikati. Karibu vyote hivyo vinapatikana pwani hii. Tatizo la nyumba ile lilikuwa ni nani anaamua kinachouzwa na kinachobaki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpa mtoto chakula na matibabu. Inasema mzazi, haikusema mama peke yake.

Nilipoondoka, ndoo ya kitanda cha nne ilikuwa imefunguliwa tena. Baba alikubali kurudi nyumbani kukaa na wale wawili hadi mwenzake aruhusiwe, na kuacha debe moja la ufuta. Uvimbe wa mtoto ulikuwa umeanza kupungua. Utepe bado ulikuwa mwekundu.

Mzazi unayesoma hapa, ukienda kliniki mwezi huu omba mwanao apimwe mkono, na uulize ni rangi gani. Ukiona miguu yote miwili imevimba, usisubiri baraza la ukoo liamue nani kakosea. Nenda siku hiyohiyo. Na kama wewe ndiye baba, nenda nawe.