Darubini Iliyokwisha Tumiwa na Haki ya Muuzaji

Ndugu msomaji, kununua kitu kilichokwisha tumiwa na mwingine si jambo la kuonea haya. Wengi wetu tumesomea vitabu vilivyopita mikononi mwa kaka zetu, na vyerehani vya mama zetu vilikwisha shona nguo nyingi kabla ya kuingia nyumbani mwetu. Lakini kitu cha namna hiyo humtaka mnunuzi awe na mambo mawili: jicho la kukikagua, na uadilifu wa kukilipia. La kwanza husemwa sana. La pili husahauliwa, kwani watu hudhani kwamba udanganyifu wa sokoni ni kazi ya muuzaji peke yake. Napenda kuyaeleza yote mawili kwa mfano wa darubini ya kutazamia ndege, niliyotumwa kuitafuta mwaka 2023.

Karibu na Watamu, katika pwani ya Kenya, liko hori la Mida, mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Maji yakitoka, hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga, na tangu mwezi wa nane hata wa nne uwanja huo hujaa ndege wageni. Wamo chamchanga wadogo ambao uzito wao ni kama gramu 60 tu, nao huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa dunia. Yumo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Huyu huzalia katika pwani za Arabuni na za Ghuba, naye huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja, jambo ambalo ndege wengine wa jamii ya ufukweni hawalifanyi.

Vijana watano waliosoma madrasani kwangu hupata riziki yao kwa kuwaongoza wageni wajao kuwatazama ndege hao. Kwa macho matupu, ndege aliye ng'ambo ya tope ni kidoa tu. Darubini ya macho mawili husaidia, lakini ile ya bomba moja, iwekwayo juu ya miguu mitatu, ndiyo ionyeshayo rangi ya mguu na mpindo wa mdomo, nayo humwezesha mtu kuisoma pete aliyovishwa ndege bila ya kumkamata. Kwa kiongozi wa wageni, chombo hicho ni kama jembe kwa mkulima. Mpya iliyo njema haikuwa ndani ya uwezo wao. Basi walichanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima, zikatimu Sh. 30,000, wakanikabidhi mimi, kwa kuwa hapana miongoni mwao aliyetaka kuzishika fedha za wenzake.

Kabla ya kutoka, nalimwendea fundi mmoja wa kamera aliyeko Malindi, akanifundisha kuzisoma nambari. Darubini ikiandikwa 20-60x80, maana yake ni kwamba hukuza kutoka mara 20 hata mara 60, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 80. Ugawe upana huo kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga ufikao jichoni: 80 kwa 20 ni milimita 4, na 80 kwa 60 ni zaidi kidogo ya milimita 1. Ndiyo kusema, kila ukuzapo zaidi, giza huzidi. Tena jua likipanda, hewa iliyo juu ya tope huchezacheza kama ile iliyo juu ya jiko, na kukuza kupita mara 30 hakuongezi ila mtetemeko. Ubora wa kioo ndio autafutao mwenye akili, wala si ukubwa wa nambari.

Muuzaji wa kwanza niliyemwendea, huko Mombasa, hakulitaja jambo hilo. Alisifu kwamba darubini yake hukuza mara 100, na kioo chake cha mbele kilikuwa cha milimita 50. Hesabu yake ni nusu milimita ya mwanga. Nalimshukuru, nikaenda zangu.

Kuikagua darubini yenyewe si kazi ngumu, nawe ukiwa na tochi yatosha. Mulika kupitia kioo cha mbele, kisha utazame ndani kwa upande. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, huo ni ukungu, ambao hupenda sana unyevu wa pwani yetu, nao ukishaumba mizizi huila rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Ukiona utando kama wa pumzi usiofutika kwa nje, jua kwamba unyevu umekwisha ingia ndani. Zungusha gurudumu la kusawazishia: lazima liende kwa ulaini toka mwanzo hata mwisho, bila ya kukwama wala kulegea. Kisha elekeza darubini kwenye kitu cheupe kilicho mbele ya giza, au mlingoti mwembamba mbele ya mbingu, utazame kingo zake. Ukiona mfuo mpana wa zambarau au wa kijani, kioo hicho ni dhaifu. Angalia pia kama bomba la jicho limepinda kuelekea juu, kwani hilo huwafaa watu wa vimo mbalimbali wanaotazama kwa zamu. Mwisho, iulize darubini imetoka wapi, maana mali ya wizi haisafiki kwa kuuzwa bei nafuu.

Baada ya wiki tatu nalipelekwa kwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alipenda ndege, na darubini yake ilikuwa kabatini, ndani ya mkoba wake, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Nalimulika, nikaona kioo safi. Gurudumu lilikwenda kama linalopita katika mafuta. Nambari zake zilikuwa zile zile nilizofundishwa, na kampuni iliyoitengeneza ni katika zile alizozitaja fundi, akisema kwamba ya namna hiyo, ikiwa nzima, haiuzwi chini ya Sh. 60,000. Nikamwuliza bei.

"Maalim," akasema, "mimi sikijui chombo hiki. Nipe elfu ishirini, kinanitilia simanzi tu hapa ndani."

Kwa dakika hiyo, ndugu msomaji, zile Sh. 30,000 zilikuwa mfukoni mwangu. Ningaliweza kulipa, kuchukua darubini, na kuwarudishia vijana Sh. 10,000, wala hapana mtu ambaye angaliniita mwizi. Nikamwambia, "Mama, chombo hiki sokoni hakipungui elfu sitini. Nasi hatunazo." Alinyamaza kidogo, kisha akampigia simu mwanawe. Walipokwisha shauriana akasema kwamba kwa vijana wa Mida atakiuza kwa Sh. 45,000, na zinazopungua atazingoja kwa miezi mitano.

Sikufunga biashara palepale, maana fedha hazikuwa zangu, na deni lisingekuwa langu. Nalirudi kwa vijana, nikawaeleza mambo yote kama yalivyokuwa. Mmoja alikasirika waziwazi. "Maalim, tumekutuma ututafutie bei ya chini, nawe umeipandisha bei mwenyewe!" Neno lake lilikuwa na uzito, kwa kuwa wakili kweli humtafutia nafuu aliyemtuma. Nikamjibu kwamba kupatana bei ni mchezo wa watu wawili waonao, na yule mama hakuona. Nikawakumbusha pia habari ya Jarir bin Abdullah, sahaba wa Mtume. Aliletewa farasi aliyenunuliwa kwa dirhamu 300, akamwambia mwenye farasi kwamba mnyama wake ana thamani zaidi, akaipandisha bei yeye mwenyewe hata ikafika dirhamu 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu.

Kisa hicho hakikumtuliza kijana yule. Aliyemtuliza ni mwenzake, mtoto wa mvuvi, ambaye hata hapo alikuwa kimya. Alisema kwamba baba yake alipofariki, mtu aliyeijua vizuri thamani ya mashine ya boti yao aliinunua kwa mama yake kwa bei ambayo haikutosha ada ya shule ya muhula mmoja. "Mtu yule hakusema uwongo hata neno moja," akasema. "Alinyamaza tu." Basi wote watano wakakubali. Deni likaandikwa, mashahidi wawili wakatia sahihi, nalo lilikwisha lipwa kabla ya miezi mitano kutimia, kwa ujira waliopata humo humo horini.

Kwa wazazi na vijana watakaopenda kununua chombo kama hicho, nawaongezea haya. Nunueni miguu mitatu iliyo mizito kidogo, kwa kuwa darubini njema juu ya miguu dhaifu hutikisika kwa upepo wa kaskazi, na ndege hawaonekani. Futeni chumvi ya bahari kila jioni, kwa kitambaa laini kilicho safi, wala si kwa pindo la shuka. Msiifungie darubini mkobani ikiwa na unyevu. Vipakiti vya kukausha vibadilisheni vikichoka.

Na siku mtakapoiuza, mwambieni mnunuzi kila kovu mlijualo. Na siku ya kununua, ikiwa nyinyi ndio wenye kujua, na muuzaji ni mjane, au mzee, au mtoto aliyerithi asichokifahamu, mwambieni thamani ya kitu chake kabla ya kumwuliza bei.